Shajara ya gemu ya bandarini: maoni ya wachezaji, toleo 0.6 hadi 0.8

Jumatatu. Toleo 0.6 limewafikia wajaribu

Meseji zinamiminika tangu jana usiku. Kabla sijaingia kwenye maoni nieleze kanuni kwa ajili ya waliojiunga wiki hii, maana bila kanuni maoni hayasomeki.

Wewe ni hamali gatini. Ubao ni wa miraba, mara nyingi nane kwa nane, na juu yake kuna korija za boriti (boriti za mikoko huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini) pamoja na magunia ya chumvi. Kazi yako ni kufikisha kila kitu jahazini. Unasukuma tu, kuvuta hakuna. Mpaka hapo huu ni ukoo wa Sokoban, gemu ya Mjapani Hiroyuki Imabayashi iliyotolewa na kampuni ya Thinking Rabbit mwaka 1982, na ukoo huo naujivunia.

Tulichoongeza mimi na mwenzangu anayechora ni bahari. Kila hatua unayopiga inasogeza saa ya maji: hatua 6 maji yamekupwa, hatua 6 yamejaa, halafu mzunguko unaanza upya. Maji yakipwa, korija imekaa mchangani na inasogea mraba mmoja kwa kila msukumo. Yakijaa, korija inaelea, na ukiigusa inateleza moja kwa moja mpaka igonge kitu. Chumvi haielei. Chumvi ikiguswa na maji inayeyuka, na hapo fumbo limeharibika. Kuna kitufe cha kusubiri kwa anayetaka maji yageuke bila yeye kusogea. Hakuna saa ya dakika, hakuna pointi, hakuna matangazo. Kuna mafumbo 40, basi.

Jumanne. Kuyapanga maoni

Neno linalojirudia kuliko yote ni ngumu. Gemu ni ngumu, fumbo la 14 ni gumu mno, kaka hii umetukomoa. Nimezipanga meseji kwenye daftari kufuatana na kilichompata mtu, si kufuatana na neno alilotumia, na papo hapo zikaachana njia.

Wapo walioielewa kanuni, wakaliona tatizo, wakaondoka nalo mpaka kitandani, na asubuhi wakaamka na jibu. Hao wanasema ngumu kwa furaha. Wapo ambao kidole kiliteleza na hamali akaenda wasikokusudia. Wapo waliokuwa wakihesabu hatua za maji kichwani, wakapoteza hesabu, wakachoka. Na lipo kundi la nne, kubwa kuliko nilivyotarajia: watu waliokuwa wamekwisha kushindwa zamani bila kujua, nao wakaendelea kuhangaika kwenye fumbo ambalo halikuwa na jibu tena.

Ugumu wa kundi la kwanza ndio tunaoutengeneza. Huo sitaupunguza hata nikiombwa na watu wote. Ugumu mwingine wowote ni kazi yetu kuuondoa, na wiki zijazo ni za kazi hiyo.

Jumatano. Rekodi za hatua

Kwa waliouliza rekodi inafanyaje kazi: gemu inaandika kila hatua kwa herufi moja. J ni juu, C chini, K kushoto, L kulia, S kusubiri, R kurudisha hatua. Mchezaji anabonyeza "nakili", anabandika kwenye WhatsApp, ananitumia. Mchezo wa nusu saa nzima unakuwa aya moja ya herufi, haumli mtu bando, na ndani ya herufi hizo hamna jina wala mahali alipo. Mimi naibandika kwenye kompyuta na kumtazama hamali akitembea tena kama alivyotembezwa.

Nawaombeni sana msiache kutuma rekodi. Meseji inanieleza mtu alivyojisikia, na rekodi inanionyesha ni wapi hisia hiyo ilianzia. Mara nyingi ni mbali kabisa na pale anapopataja.

Fumbo la 14 ndilo lililonifundisha hilo. Kuna mkondo mwembamba kati ya kuta mbili za matumbawe, na gunia moja la chumvi lazima livuke mchanga maji yakiwa yamekupwa. Mlangoni imekaa korija. Mtu anaona korija imeziba, maji yamejaa, inaelea, anaisukuma kushoto. Inateleza kwa raha mpaka ukutani na mlango unabaki wazi. Kila mtu anafurahi hapo. Lakini korija iliyolala ubavuni mwa ukuta haiwezi tena kutoka ukutani, kwa kuwa ili uisukume kulia inabidi usimame upande wake wa kushoto, na upande huo ni jiwe. Itapanda na kushuka kando ya ukuta huo milele. Jahazi liko upande wa pili. Fumbo limekufa, na mchezaji hajafika hata kwenye kazi ya chumvi.

Kisha anaanza kazi ya chumvi. Anaihesabia maji, inayeyuka, anarudi hatua chache, anajaribu njia nyingine, anafanikiwa kuivusha, na ndipo anageuka na kukuta korija haitoki. Katika rekodi baada ya rekodi naona mambo hayo kwa mpangilio huohuo. Mama mmoja mwalimu wa hesabu wa Morogoro, ambaye maoni yake nayasubiri kwa hamu kila toleo, aliandika kwamba sehemu ya chumvi haina haki. Rekodi yake ilionyesha kwamba sehemu ya chumvi aliitatua vizuri mno. Kilichomuumiza ni msukumo mmoja aliofanya mwanzoni kabisa, ambao hakuwa na sababu ya kuutilia shaka.

Alhamisi. Kompyuta inajua nini

Baadhi yenu mmeuliza kama mafumbo yote yana jibu. Yanalo. Kila fumbo linapitishwa kwenye programu ya kutatua kabla halijaingia kwenye gemu. Programu inaanza na hali ya mwanzo, inajaribu hatua zote tano (pande nne na kusubiri), inaziweka kando hali zote mpya, na kuendelea hivyo ngazi kwa ngazi mpaka imalize kila hali inayofikika. Hali moja ni mahali pa hamali, mahali pa mizigo, na maji yako hatua ya ngapi kati ya 12.

Hesabu yake hukua haraka. Ubao wa miraba 64 wenye korija 4 una namna 635,376 za kuzipanga korija hizo. Zidisha kwa miraba 60 anayoweza kusimama hamali, kisha kwa hatua 12 za maji, unapata zaidi ya hali milioni 457. Kuta na mawe hupunguza sana idadi hiyo, ndiyo maana kompyuta ya kawaida inamudu. Mtu asidhani kuna njia ya mkato: Joseph Culberson alithibitisha mwaka 1997 kwamba Sokoban kwa ujumla wake iko kwenye kundi la matatizo liitwalo PSPACE-kamili, yaani hakuna anayejua njia ya haraka inayotosha kwa kila ubao. Kwa ubao mdogo nguvu inatosha, nasi mbao zetu ni ndogo kwa makusudi.

Hali zote zikishapatikana, programu inageuka na kurudi nyuma kutoka kwenye ushindi, ikitia alama kila hali ambayo mtu bado anaweza kushinda kutoka hapo. Zisizo na alama ndizo zilizokufa. Kwa hiyo gemu inaweza, ikitaka, kujua mara moja kwamba mchezaji amekwisha kushindwa.

Na hilo ndilo ombi kubwa la wiki hii: tuambiwe. Wajaribu wengi wameomba taa nyekundu pembeni, iwake fumbo likifa. Ombi ni la haki. Nimeiweka kwenye toleo la pembeni na kuwapa wachache waijaribu.

Jumapili. Taa nyekundu

Nimetazama rekodi za waliokuwa na taa. Fumbo la 14 limetatuliwa na wote, na mtu angedhani kazi imekwisha. Lakini angalia herufi zenyewe: K, R, L, R, J, R, J. Hatua moja, angalia taa, rudi. Hatua nyingine, angalia taa, rudi. Watu hawakuwa wakiutazama ubao tena, walikuwa wakiitazama taa. Chaguo ni tano tu kila hatua, na taa inazifuta mbaya moja moja, kwa hiyo ile kazi ya kuona mbele, ambayo ndiyo gemu yenyewe, imeondoka. Mmoja wa waliojaribu, kijana wa Mombasa, alisema mwenyewe bila kuulizwa kwamba amefika fumbo la 20 na hakumbuki hata moja kati ya aliyoyatatua.

Sentensi hiyo imenikaa. Fumbo lililotatuliwa bila kueleweka halimwachii mtu kitu.

Taa nimeitoa na haitarudi. Ila shida waliyoileta walioiomba ni ya kweli, na inataka jibu lingine. Nimelizungusha kichwani siku nzima na naona mambo mawili yamechanganyika ndani yake. La kwanza ni gharama ya kukosea: mtu akigundua amekufa zamani, kurudi ni taabu. La pili ni kutoona sababu: korija iko ukutani na hakuna kinachomwonyesha kwamba ukuta umeizuilia upande mmoja. Yote mawili yanatibika bila kumwambia mtu yaliyo mbele yake.

Wiki iliyofuata. Toleo 0.7

Kurudisha hatua sasa hakuna kikomo, mpaka mwanzo wa fumbo, na maji yanarudi pamoja nawe. Chini ya ubao kuna mkanda mwembamba wa hatua zako zote. Ukiuburuta kwa kidole unaona ubao ukirudi nyuma kwa mfululizo, unasimama pale unapotaka, na unaendelea kutoka hapo. Ukibadili mawazo, njia ya zamani bado ipo kwenye mkanda mpaka upige hatua mpya.

Ukiweka kidole juu ya mzigo wowote, sasa unaonyeshwa vishale vya pande unazoweza kusukumiwa ukiwa hapo ulipo. Korija iliyo katikati ya mchanga ina vishale vinne. Ya ukutani ina viwili. Ya kwenye pembe haina hata kimoja. Haya yote mchezaji angeweza kuyajua mwenyewe kwa kutazama, hivyo hatujampa siri yoyote. Tunamwonyesha mahali kitu kilipo leo na kumwachia yeye kesho.

Nimetazama rekodi mpya za fumbo la 14. Watu bado wanaisukuma korija kushoto, tena karibu wote, na naona ni sawa kabisa, kwa sababu ndicho kinachovutia. Tofauti ni kwamba sasa wanapogeuka wakaikuta haitoki, wanaigusa, wanaona vishale viwili, wanaburuta mkanda moja kwa moja mpaka kwenye msukumo ule ule uliowaponza. Hawapapasi. Mama mwalimu amelitatua, na meseji yake imesema fumbo lina haki. Chumvi yake hatujaigusa hata mraba mmoja.

Siku hiyohiyo, jioni. Kijana wa Pangani

Hii inastahili sehemu yake peke yake.

Amejiunga mjaribu mmoja wa Pangani, mtoto wa mvuvi. Hakulalamikia ugumu hata kidogo. Alilalamikia bahari. Alisema kwa adabu kwamba maji ya gemu yanaruka: sasa hivi mchanga mkavu, hatua moja mbele maji yamejaa mpaka gatini. Maji, alisema, hayafanyi hivyo. Yanaanza polepole, yanakaza mwendo katikati, yanalegea, yanasimama kidogo, ndipo yanageuka. Mtu wa pwani akiona maji yanaruka, alisema, hawezi kuyatumia akili yake ya pwani.

Yuko sahihi, na mabaharia wana hesabu yake. Kutoka maji makavu hadi maji makuu ni kama saa 6 na dakika kidogo, na pwani yetu hilo hutokea mara mbili kila siku. Ukigawa kina chote mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji makavu na makuu huku kwetu hupita meta 3, kwa hiyo fungu moja si jambo dogo kwa mtu aliyesimama mchangani na mzigo.

Tumekaa na mwenzangu tukaipanga upya saa ya maji. Mzunguko unabaki hatua 12, lakini sasa ni hatua 4 za maji makavu, 2 za maji yanayopanda, 4 za maji makuu, 2 za maji yanayoshuka. Na mchanga una vimo viwili, wa chini na wa kati. Katika zile hatua 2 za katikati maji yanafunika mchanga wa chini tu. Mchezaji mwenye chumvi anayaona maji yakimjia, ana hatua 2 za kuamua. Kifo cha ghafla cha chumvi, kilichokuwa malalamiko ya pili kwa wingi kwenye daftari langu, kimepata dawa kutoka kwa mtu ambaye hakukilalamikia.

Na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba maji ya kati hayakurahisisha gemu, yameinenepesha. Hatua 2 hizo, korija iliyo mchanga wa chini inaelea na iliyo mchanga wa kati bado imekaa. Ile iliyokaa inaweza kuwa kizuizi cha inayoteleza. Unaweza kuisimamisha korija katikati ya bahari, mahali ambapo zamani ingepitiliza, endapo tu umeiweka korija nyingine mahali pake kabla maji hayajafika. Jibu la fumbo la 14 sasa liko hapohapo, na nimeandika mafumbo mapya sita juu ya wazo hilo moja. Hakuna hata moja ambalo ningelifikia bila meseji ya Pangani.

Mambo madogo, kwa haraka

Kuhesabu hatua kichwani kumeondoka. Pembeni mwa ubao kuna mti wa kupimia maji wenye alama 12, na alama inayofuata inawaka. Kuhesabu si kufikiri.

Kidole: wengi wenu mnacheza kwenye simu za bei nafuu zenye kioo kidogo, na kidole kinafunika mraba unaoulenga. Sasa unaweza kutelezesha kidole popote kwenye kioo, hamali anafuata uelekeo. Hatua haihesabiwi mpaka uinue kidole.

Rangi: wawili wameniandikia kwamba hawatofautishi mchanga wa kati na wa chini. Upofu wa rangi wa nyekundu na kijani huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, kwa kuwa jeni zake ziko kwenye kromosomu ya X, na nusu ya wajaribu wetu ni vijana wa kiume. Mwenzangu amechora upya: mchanga wa chini una mawimbi madogo, wa kati una madoa. Hata ukiitoa rangi yote ubao unasomeka, nami nimeujaribu hivyo.

Uzito wa faili umepungua. Hakuna anayepaswa kulipia bando kubwa ili afikiri.

Maneno ya maelekezo mwanzoni yamefutwa yote. Rekodi zinaonyesha hayasomwi. Badala yake fumbo la 1 lina korija moja na njia moja, na haliwezekani kumalizika bila kuona korija ikielea.

Jumamosi. Mchezaji wa Muscat

Huyu ni Mswahili wa Muscat, jamaa zake wako Unguja, na ndiye mpinzani mkubwa wa kila kinacholegeza gemu. Alinionya mapema kuhusu taa nyekundu, kabla sijaijaribu. Leo ametuma rekodi mbili.

Ya kwanza ni ya fumbo la 22. Wazo la fumbo hilo ni kuvusha gunia kwa kutumia korija mbili kama ukuta dhidi ya mkondo. Yeye hakuzigusa korija. Alilizungusha gunia pembezoni mwa ubao wote, kila mara akibonyeza kusubiri mpaka maji yapwe, akisogeza kidogo, akisubiri tena. Hatua ni nyingi kupita kiasi, na hakuna hata moja iliyohitaji kuwaza. Programu yangu haikuniambia kitu, kwa sababu inatafuta jibu fupi kuliko yote, na jibu fupi ndilo nililokusudia. Jibu lake ni refu mara kadhaa. Hapo ndipo kompyuta na mtu wanapoachana: kwa kompyuta urefu ni kazi, kwa mtu njia ndefu isiyo na mawazo ni rahisi kuliko njia fupi yenye wazo moja zito. Idadi ya hatua sitaitumia tena kupanga mafumbo kutoka rahisi hadi magumu. Jiwe moja kwenye kona ya juu limeifunga njia hiyo, na nimelipitisha fumbo upya kwenye programu kuhakikisha jibu la kweli bado lipo.

Rekodi ya pili, fumbo la 31, ni habari nyingine. Huko pia hakufuata njia yetu. Aliacha korija ielee mpaka igonge ubavu wa jahazi lenyewe, akaitumia kama daraja, akapita juu yake maji yakiwa yanashuka. Nimeitazama tena na tena. Inapendeza kuliko jibu letu, na kila hatua yake ina sababu. Hiyo haifungwi. Nimeliondoa jiwe lililokuwa likiwavuta wachezaji kwenye njia yetu, na fumbo la 31 sasa ni la daraja. Wazo letu la zamani limehamia kwenye fumbo la 27, linakofaa zaidi.

Kipimo ninachojipa sasa kwa kila jibu nisilolitarajia ni hiki: je, aliyelipata amelazimika kuelewa kitu kuhusu maji? Akilazimika, jibu ni lake na linabaki.

Jumanne. Kutoa mji

Watu wanakwama, na aliyekwama kweli anataka msaada. Ombi la kawaida ni kitufe cha kidokezo kinachoonyesha hatua inayofuata. Nilisita, kwa sababu ni taa nyekundu kwa jina lingine.

Mama mwalimu ndiye aliyeleta njia. Aliandika kwamba sisi tunao utaratibu wa mambo haya tangu utotoni. Ukitegewa kitendawili, ukijaribu, ukishindwa, hupewi jibu bure wala hupewi nusu ya jibu. Mtegaji anasema nipe mji. Unatoa mji, wa kweli na mkubwa, mtegaji anaupokea, anajisifu kidogo kwamba amefika huko na kula vinono, kisha anakupa jibu lote, na mchezo unaendelea. Kushindwa kuna bei, bei inalipwa mbele ya watu, na hakuna anayeaibika.

Tumeiweka jinsi alivyosema. Kwenye toleo 0.8 kuna ramani ya pwani, kutoka Lamu, Malindi, Mombasa, Tanga, Pangani, Bagamoyo, hadi Kilwa na Lindi, na Unguja na Pemba kando. Kila fumbo unalotatua mwenyewe linakupa haki kwenye mji mmoja wapo. Ukishindwa unabonyeza "natoa mji", unachagua mji upi, na hamali anakuonyesha jibu lote toka mwanzo mpaka mwisho, huku ukiweza kusimamisha na kuburuta mkanda. Fumbo linalofuata la wazo lilelile, ukilitatua mwenyewe, linakurudishia mji wako. Jibu linatolewa zima, kwa sababu jibu zima linaonyesha wazo, na kidokezo cha hatua moja hakionyeshi kitu.

Kwenye rekodi za kwanza nimeona jambo ambalo sikulitegemea: watu wanasita kutoa mji wao wa nyumbani. Kijana wa Mombasa alitoa Lindi na Kilwa, akagoma kabisa kuitoa Mombasa, akarudi kwenye fumbo na kulitatua.

Ijumaa. Njia zaidi ya moja

Mpaka toleo 0.7 mafumbo yalikuwa kwenye foleni: la 14 halijafunguka, la 15 hulioni. Rekodi zinaonyesha kwamba walioacha gemu, wengi waliacha hapo hapo, na si kwamba hawakuipenda. Waligonga mlango mmoja na haukuwapo mwingine. Gemu ya mafumbo iitwayo Baba Is You, ya Arvi Teikari wa Finland, iliyotoka 2019, ni ngumu kuliko yetu, na moja ya sababu watu wanaivumilia ni kwamba ramani yake haikulazimishi kumaliza kila fumbo ndipo usonge mbele. Unaacha, unakwenda kwingine, unarudi ukiwa na akili mpya.

Ramani yetu ya pwani imetupa nafasi hiyo. Sasa kila bandari ina mafumbo kadhaa, na ukitatua zaidi ya nusu yake bandari inayofuata inafunguka. Fumbo la 14 limehamia Pangani, kama shukrani, na halimzuii mtu kwenda Bagamoyo. Mafumbo ya bamvua, ambako maji yanapanda kupita mchanga wa kati na kufunika hata gati, yako Kilwa, na hayo sitayaweka mapema kwa yeyote.

Wa Muscat amepinga. Anaona foleni inamlazimisha mtu kukua. Nimemsikiliza kwa makini, maana mara nyingi anaona mbele yangu, lakini hapa rekodi ziko upande mwingine: walioruka fumbo na kurudi baadaye, wengi walilitatua bila kutoa mji.

Jumapili. Toleo 0.8 limetoka

Limeshatumwa kwa wote. Mafumbo ni 46 sasa. Yaliyobaki mikononi mwangu ni mawili. Fumbo la 38 lina jibu moja tu na hakuna mjaribu aliyelipata, wala sijui bado kama ni la kundi la kwanza au la nne, kwa kuwa rekodi zake ni chache. Na mti wa kupimia maji haueleweki kwa anayecheza juani, kwa hiyo mwenzangu anaukoleza wino.

Kwa wajaribu: mkicheza la 38, tumeni rekodi hata kama mmeshindwa, hasa kama mmeshindwa. Na kila mnapoburuta mkanda kurudi mbali, ongezeni sentensi moja kwenye meseji, mlikuwa mmedhani nini kabla ya kurudi. Anayependa kutuma kwa sauti atume kwa sauti, nitasikiliza zote.